Nyayo za Karatasi

Juzi mwanangu alimwagia maji jiko la mkaa ambalo chini bado lilikuwa na moto, na harufu ya majivu yaliyolowa ikapanda hadi sebuleni. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaketi juu ya nguo zenyewe, nikawa nautazama mlango. "Mama, kwani nimefanya nini?" akauliza. Nikamwambia hujafanya kitu, kamalize kazi yako. Ninyi wenzangu mliokulia nyumba za kupanga mtanielewa nikisema kwamba harufu hiyo si ya jiko tu. Kwangu ni harufu ya uani kwa Mzee Komba, Majengo, Songea, mbele ya mlango wa chumba nilichokiogopa kuliko kitu kingine chochote.

Nilikuwa darasa la tatu tulipohamia pale. Mama alikuwa mwalimu, amehamishwa kutoka Singida, na baba alibaki huko na kazi yake kwa ahadi kwamba angetufuata. Tulifika majira ya baridi, ile baridi ya Songea ambayo asubuhi ukungu unakaa juu ya mabati hadi wanafunzi wanaingia darasani. Mama hakumjua mtu. Nililijua hilo kutokana na masharti aliyonipa siku ya kwanza, kabla hata hatujafungua masanduku. Nisiingie chumba cha mtu. Nisile cha mtu. Mtu akiniuliza mama yako yuko wapi, niseme anakuja sasa hivi, hata kama yuko shuleni hadi jioni. Nikajifunza kumtazama kila mpangaji kama mtu anayeficha kitu.

Nyumba ya mbele aliishi Mzee Komba mwenyewe, mzee mwembamba wa koti la sufu, pamoja na mjukuu wake Asteria ambaye alikuwa rika langu. Nyuma kulikuwa na vyumba sita vilivyotazamana, vitatu huku na vitatu kule, ua wa saruji katikati, bomba, na choo mwisho kabisa karibu na geti dogo. Chumba kilichotazamana na chetu kilikuwa cha Mwanaidi, fundi cherehani.

Mwanaidi alikuwa kiziwi. Alitoka Tunduru, kijiji kimoja upande wa Mbesa, na Mzee Komba alimsimulia mama kwamba aliugua homa kali akiwa mdogo, akalazwa wiki nyingi, akapona, lakini alipopona masikio yalikuwa yamekwisha kazi. Uani walimwita bubu, na mimi nikamwita hivyo hivyo, ingawa haikuwa kweli. Sauti alikuwa nayo. Akicheka ilitoka nene na ya ghafla, nasi watoto tulikuwa tunashtuka. Mchana hakuwa na shida na mtu. Ukisimama mbele yake ukasema taratibu, aliyasoma maneno midomoni mwako, na yeye akakujibu kwa mikono, kwa uso, kwa chaki kwenye kitambaa. Wanawake wa Majengo walimletea vitenge na sare za shule, wakasimama naye mlangoni saa nzima, na ungedhani wanapiga soga kama watu wengine wowote.

Jua likizama alibadilika, au mimi niliona hivyo. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, na ukikatika tu Mwanaidi alitoka na tochi. Hakumulika njia kama sisi. Aliishika chini ya kidevu, akajimulika mwenyewe, mkono mmoja ukichezacheza mbele ya uso uliojaa vivuli kutoka chini kwenda juu, macho yakiwa mashimo mawili. Nilipomwona hivyo mara ya kwanza nilijikojolea. Wakati mwingine alikushika bega gizani bila kusema kitu, akakugeuza, akakumulika mdomoni. Akienda chooni alizungusha tochi kila kona, nyuma ya pipa la maji, juu ya ukuta, kisha akazunguka ghafla kutazama alikotoka, akaenda hatua tatu, akazunguka tena. Nilikuwa namchungulia kupitia pazia nikijiuliza anatafuta nini, au anamkwepa nani.

Na kulikuwa na yale majivu. Kila jioni, akishapika, aliyachekecha majivu ya jiko lake kwa chekecheo la unga, akayanyunyiza mbele ya mlango na chini ya dirisha lake la upande wa uchochoroni, laini kama poda. Asubuhi alitoka kabla ya watu wote, akachuchumaa, akayatazama kwa muda mrefu, ndipo akayafagia na kumwaga maji. Hapo ndipo ile harufu ilipokuwa inapanda na kutuamsha.

"Anachukua nyayo," Asteria aliniambia. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma tukimenya viazi. "Ukipita pale, unyayo wako unabaki. Yeye anauchukua anauweka ndani. Halafu mguu wako unaanza kuvimba, unavimba, unaoza."

"Nani kakwambia?"

"Kwani unafikiri majivu ni ya nini? Bibi yangu mguu ulivimba hadi akafa."

Lilikuwa jambo ambalo watu wazima nao walilisema kwa sauti ya chini, kwamba wapo watu wa kuchukua unyayo wa mtu, na Mwanaidi kwetu alikuwa mgeni, tena asiyeongea.

Mtu ambaye sikumshuku hata kidogo alikuwa Maneno. Alipanga chumba cha pembeni, karibu na geti. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi kweli kama jina lake, fundi umeme wa kuokoteza kazi, na Mzee Komba alimwamini hadi akampa ufunguo wa geti na kazi ya kuangalia taa za uani. Aliniita Mwalimu Mdogo. Mama alipomkabidhi feni yetu mbovu aliitengeneza siku hiyo hiyo, na nadhani ndiye mtu wa kwanza Songea ambaye mama alicheka naye.

Jioni moja aliniomba nimshikie stuli. Taa ya nje, iliyo juu ya mlango wa Mwanaidi, ilikuwa imezimika tena. "Taa ya huyu dada haikai wiki," alisema. "Sijui ana nini." Alivua mabuti yake makubwa asiichafue stuli ya watu, akanipa niyashike, akapanda. Nikaona mguu wake wa kulia una vidole vinne. Kile kidogo cha mwisho hakikuwepo, palikuwa na ngozi laini inayong'aa. Aliniona nikitazama.

"Mnyororo wa pikipiki," alisema kutoka juu. "Usimwambie mtu, Mwalimu Mdogo, watanicheka." Akashuka, akanipa peremende mbili. Taa haikuwaka. Alisema imeungua, atanunua nyingine. Nami nilirudi ndani nikiwa na siri ya mtu mzima mdomoni pamoja na peremende, na nikajiona mkubwa.

Asubuhi moja niliamka nimebanwa, nikatoka pekupeku mbio kwenda chooni, na kwa haraka nikapita karibu na mlango wa Mwanaidi. Nilipokuwa narudi ndipo nikaona. Unyayo wangu ulikuwa pale katikati ya majivu, na vidole vyote vitano vimejichora. Nikapiga magoti niufute kwa kiganja. Mlango ukafunguka. Mwanaidi alinitazama, akautazama ule unyayo, kisha akaingia ndani na kutoka na futi yake ya kupimia shingoni na penseli sikioni. Sikungoja. Siku nzima shuleni nilikuwa nikivua kiatu chini ya dawati kuangalia kama mguu umeanza kuvimba.

Haukuvimba. Lakini siku chache baadaye mama alinituma nikachukue sketi yangu ya shule iliyokuwa inapunguzwa. Mlango wa Mwanaidi ulikuwa wazi, yeye alikuwa bombani amenipa mgongo, maji yanamwagika kwenye ndoo. Masharti ya mama nilikuwa nayakumbuka. Nikaingia hivyo hivyo. Chumba kilikuwa na kitanda, cherehani na vitambaa vilivyokunjwa vizuri. Juu ya kitanda, kwenye msumari, zilining'inia nyayo. Zilikuwa zimekatwa kwa karatasi ya mfuko wa simenti, ile anayotumia fundi kukatia vipimo vya nguo, kila moja ina mistari ya penseli na namba. Zilikuwa nne. Mbili kubwa, moja ya wastani, na moja ndogo. Ile ndogo ilikuwa yangu.

Nilipiga kelele ambayo yeye hakuisikia. Nilimpita pale bombani, akashtuka kuniona natokea nyuma yake, akanyoosha mkono kunishika. Nikachoropoka. Nilimwambia Asteria, na Asteria akamwambia babu yake, na hadi watu wanarudi kutoka kazini ua mzima ulikuwa unajua kwamba bubu ana nyayo zetu ukutani.

Umeme ulikatika magharibi ile ile. Wapangaji walikusanyika gizani mbele ya mlango wake wakiwa na simu za tochi, Mzee Komba mbele, Maneno kando yake ameshika tochi kubwa. Mzee aligonga. Nakumbuka aligonga mara tatu kwa adabu, kama kwamba kugonga kungesaidia kitu, kisha Maneno akausukuma mlango kwa bega. Leo najaribu kuwaza alichokiona yeye aliyekuwa ndani. Yuko peke yake na kibatari, hajasikia hatua wala sauti, mara mlango unafunguka wenyewe na mianga mitano inamwingia machoni. Alipiga ukelele. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mnamsikia? Anaita wenzake."

"Dada," Mzee Komba alisema, akionyesha ukutani, "hizi ni nini? Tueleze. Sisi ni watu wazima, tueleze."

Mwanaidi alikuwa amejikinga macho kwa kiganja. Alikuwa anageuza uso huku na huku akitafuta mdomo wa kusoma, na kila alikogeukia alikutana na mwanga, nyuma yake giza. Akamwendea Maneno, akashika mkono wenye tochi, akajaribu kuuelekeza kwenye uso wa mzee. Maneno akaunyofoa mkono wake. "Anataka kupiga!" mtu akasema. Mwanaidi alipoona hivyo aliichomoa moja ya zile nyayo kubwa msumarini, akapiga magoti, akaiweka sakafuni karibu na kiatu cha Mzee Komba. Mzee aliruka nyuma kama amekanyaga kaa la moto.

"Si mnaona?" alisema Maneno. "Mbele yenu anawapima."

Mwanaidi akainuka, akaja kwenye buti la Maneno. Maneno akarudi nyuma huku anacheka. Ndipo Mwanaidi akaiinua ile karatasi juu, kwenye mwanga, akaonyesha vidole vyake vinne. Vinne. Akaonyesha dirisha. Akalaza shavu kwenye kiganja kama mtu aliyelala, kisha akaanza kuukata mkono wake kwa mkono mwingine, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa kasi. Lakini mwanga ulikuwa machoni mwake, mikono yake ilikuwa kwenye kivuli, na watu waliona mtu anayekata.

"Anasema atatukata tukiwa tumelala."

Mama alifika wakati huo kutoka kwenye kikao cha shule, begi bado begani. Akapenya mbele. "Mmulikeni mikono," alisema. "Mnamulika macho, mtaonaje anachosema? Maneno, lete mwanga kwenye mikono."

"Mwalimu, chaji inaisha," Maneno alijibu, na tochi ikazimika.

Nilikuwa nimesimama kati ya miguu ya watu, karibu kabisa. Niliiona ile karatasi vizuri kabla tochi haijazimika. Ilikuwa na vidole vinne, na pale pa cha tano penseli ilikuwa imepita laini, mviringo. Nikamtazama Maneno. Sikuweza kujizuia, macho yalikwenda yenyewe kwenye buti lake la kulia, kisha usoni kwake. Naye alikuwa ananitazama, kwa ile miali ya simu za watu, bila kutabasamu.

"Mwalimu Mdogo," alisema kwa upole, "nenda kalale. Haya si mambo ya watoto."

Nikaenda. Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusema hakuelewa, na ni kweli sikuelewa yote. Sikujua vidole vinne vinafanya nini kwenye majivu. Lakini nilijua ni vya nani, na nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa siri yetu, kwa sababu aliniita Mwalimu Mdogo, kwa sababu kama si Mwanaidi mwenye makosa basi ningekuwa mimi niliyepiga kelele. Nikiwa kitandani nilimsikia Mzee Komba akitoa hukumu, kwamba aondoke Ijumaa, na mama akisema, "Mzee, tuongee kesho mchana, nikiwa naona ninayeongea naye." Mama aliporudi ndani aliniuliza kama kuna kitu ninachokijua. Nikasema hapana.

Sikulala. Umeme ulikuwa bado haujarudi, na ua ulikuwa mweusi kabisa, kwa maana taa ya pale mlangoni hata umeme ungekuwepo isingewaka. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoanza kusikia kitu kama panya anayetafuna, kikikwaruza polepole, kikinyamaza, kikaanza tena. Kilitoka uchochoroni. Nilikuwa nimewahi kukisikia usiku mwingine nikiwa na usingizi, na kila mara nilidhani ni Mwanaidi anafanya mambo yake. Hata usiku ule nilijiambia hivyo. Kisha likatoka yowe.

Nimesikia watu wengi wakilia tangu siku ile, misibani, hospitalini, lakini yowe lile sijalisikia tena. Halikuwa na neno ndani yake. Lilipanda likakatika, likapanda. Mama alikuwa wima kabla sijakaa. Nikasikia mkono wake kwenye komeo, na nikasikia pia kwamba hakuna mlango mwingine uliofunguka uani. Vyumba vyote vilikuwa macho, vimenyamaza.

"Mama, usifungue," nilimwambia. "Anatuita ili atuchukue."

Mama alisimama pale. Sijui kwa muda gani. Wakati mwingine nadhani ilikuwa pumzi mbili, wakati mwingine nadhani ilikuwa dakika tano, na mama mwenyewe, nilipomuuliza nikiwa mtu mzima, alisema hapendi kulizungumza. Kisha akavuta komeo.

Tulimkuta Mwanaidi amekaa chini ya dirisha lake, ndani, mgongo ukutani. Nondo mbili za dirisha zilikuwa zimekunjwa kwa nje. Mama alipomulika vizuri, kwenye nondo nyingine kulionekana mikato ya zamani iliyozibwa kwa sabuni iliyochanganywa na masizi, isionekane. Mtu alikuwa akizikata kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, na hakuwa na haja ya kuogopa kelele. Usiku ule Mwanaidi hakulala. Alikaa gizani ameshikilia nondo kwa mikono, kwa sababu kile ambacho masikio yake hayangekisikia, viganja vingekihisi. Nondo zilipoanza kutetemeka alinyoosha mikono nje akadaka msumeno wa kukatia chuma, na aliyeushika upande wa pili akauvuta kwa nguvu. Hakuuachia. Alikuwa bado anao mapajani, umelowa damu, na mama alipomfunua viganja nikaona kitu cheupe katikati ya nyekundu, nikageuza uso.

"Ni Maneno," nikasema. "Ana vidole vinne."

Mama alinitazama. Hakuniuliza nimejuaje wala tangu lini. Alichana shuka letu akamfunga mikono, akaenda kumgongea Mzee Komba kwa ngumi mbili.

Hadi kunapambazuka wapangaji wote walikuwa wametoka, na Maneno naye alitoka, amevaa mabuti, anapiga miayo. "Kuna nini tena jamani?" Ukungu ulikuwa mzito, watu wamejifunika mashuka na vitenge. Mzee Komba alikuwa ameketi kwenye stuli ile ile ya uani, ile karatasi ya vidole vinne gotini kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama kwenye mwanga wa mchana.

"Maneno, mwanangu," alisema, "vua viatu."

"Mzee, na baridi hii?"

"Vua tu."

Maneno alicheka, akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akakawia hapo. "Mnamsikiliza mtoto sasa," alisema. "Haya. Ngoja nichukue kandambili nisikanyage saruji." Akaingia chumbani kwake. Tulingoja. Mtu alipokwenda kutazama, dirisha la nyuma lilikuwa wazi, nondo zake nazo zimekatwa, na godoro, redio, kila kitu kilikuwa mahali pake. Hatukumwona tena. Baadaye mchana mama alipanda juu ya stuli akaizungusha ile taa ya mlangoni kwa Mwanaidi, nusu mzunguko tu, ikawaka. Haikuwahi kuungua. Ilikuwa inalegezwa. Mama aliposhuka hakunitazama, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika stuli mara zote mbili.

Baada ya hospitali Mwanaidi alikaa kwetu wiki tatu, analala kitanda changu, mimi nalala na mama. Mzee Komba alikuja mara mbili kumwomba radhi, akaleta kuku, akasema kodi ya miezi miwili asilipe. Wanawake, hata yule aliyesema anaita wenzake, walikuja kumpikia. Wote walisimama mbele yake mchana mweupe wakasema taratibu ili asome midomo, naye aliwasoma wote, lakini hakumjibu hata mmoja. Asingeweza. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa bandeji hadi kwenye vidole, na mikono ndiyo iliyokuwa ulimi wake. Hata kalamu hakuweza kuishika. Mama alimuuliza maswali ya ndiyo na hapana, na kwa kutikisa kichwa tu, jioni moja moja, ndipo tulipopata habari yote. Kwamba aliona unyayo wa kwanza kitambo, wiki nyingi nyuma, na mikato kwenye nondo. Kwamba alikwenda kumweleza Mzee Komba, mzee akadhani anaomba fundi wa dirisha, akamtuma Maneno. Kwamba tangu siku hiyo hakumwamini mtu uani, akaamua kupima kila mguu unaofika mlangoni kwake, wa mzee, wa mama aliyeleta sketi, na wangu, auweke kando mmoja mmoja, hadi ubaki ule usio na mwenyewe.

Wiki zote hizo nilimhudumia. Nilimlisha uji, nilimfunga ushungi, nilimshikia kikombe. Lakini neno lile sikulisema. Nililibeba kila siku hadi mbele yake, nikalimeza.

Kaka yake alikuja kutoka Tunduru kumchukua. Basi liliondoka alfajiri, kituo kikiwa bado giza, na mimi na mama tukawasindikiza. Mwanaidi alikuwa ameshapanda, amekaa dirishani, mikono mapajani. Injini iliponguruma nikajua kwamba hakuna siku nyingine. Nikamwomba mama animulike usoni. Aliinua simu, mwanga ukanijia machoni, nikawa sioni kitu zaidi ya kivuli cha kichwa chake kwenye kioo.

"Dada Mwanaidi, nisamehe," nilisema, taratibu, nikiufungua mdomo vizuri kama alivyozoea. "Nilikuwa namjua."

Nikasogea pembeni ya mwanga nione anajibu nini. Alikuwa amenitazama. Kisha akafumba macho. Hakuyafumba kwa haraka kama mtu aliyeumizwa na mwanga, aliyafumba polepole, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akayaacha hivyo.

Nilidhani amesinzia. Nikasema tena. Nikasema kwa sauti ya juu zaidi, nikigonga bati la basi kwa kiganja, watu wakageuka kutazama. Miaka mingi nilijisimulia kwamba alikuwa amechoka, kwamba dawa za hospitali zilikuwa zinamlevya. Sasa najua kwamba usiku ule wa tochi, alipokuwa anatafuta uso wowote wa kusoma, aliuona wangu ukimtazama Maneno, akausoma, akangoja niseme. Mtu kama yeye ana njia moja tu ya kukataa kukusikiliza, na alikuwa ameichagua mbele yangu, wazi kabisa. Mimi nikaendelea kusema. Basi lilianza kutembea nikiwa bado nasema, hadi mama akazima tochi.